Inalia, Inagonga, Inasaga au Inakwaruza?

Baiskeli yangu ilianza kulia mwezi wa nane, wakati vumbi la Dodoma limeshakauka kiasi cha kupanda lenyewe bila upepo. Nikikanyaga pedeli ya kulia, nyiii. Ya kushoto, kimya. Ya kulia tena, nyiii. Kutoka Nkuhungu hadi mjini niliusikia mlio huo mara nyingi kuliko nilivyosikia pumzi zangu. Fundi wa kwanza akabadilisha kotapini. Wa pili akabadilisha pedeli. Fedha zikatoka, mlio ukabaki palepale.

Wa tatu ni mzee anayefanya kazi chini ya mwarobaini, upande wa Majengo. Kwa karibu nusu saa hakushika spana. Nusu saa hiyo ndiyo iliyonifanya nikae kuandika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Inalia, inagonga, inasaga au inakwaruza?"

Nikamwambia inapiga kelele. Akatikisa kichwa. Kwake hilo lilikuwa sawa na mgonjwa kumwambia daktari kwamba anaumwa. Akanikalisha kwenye kigogo na kunieleza maneno yale manne, moja baada ya jingine, na tangu siku hiyo sijawahi kuyachanganya. Baiskeli inayolia ina vyuma viwili vikavu vinavyobanana na kusogea kidogo sana. Inayogonga ina kitu kilicholegea: kinakwenda, kinarudi, kinapiga ta. Inayosaga ina mchanga au gololi iliyovunjika mahali panapozunguka, na huko ukiweka kiganja unauhisi ugonjwa kabla hujausikia. Inayokwaruza ina kitu kinachogusa kisichotakiwa kukigusa, madigadi iliyopinda labda, au mpira wa breki ulioegemea rimu. Kila neno linampeleka mahali pake. Fundi anayekubali kuambiwa "kelele" ameukubali mji mzima uwe nyumba moja.

"Basi inalia," nikasema.

"Inalia lini?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na ilikuwa kazi ya kusikiliza tu. Akanituma mpaka kwenye nguzo ya umeme na kurudi, nimekaa, ninakanyaga kama kawaida. Nyiii, nyiii. Akanituma tena: nikifika katikati niache kukanyaga, baiskeli iende yenyewe. Kimya. Mara ya tatu akaniambia nikanyage nimesimama, makalio yasiguse kiti. Kimya. Nikadhani ameshapata. Yeye akaomba nirudie yote matatu, kisha nirudie tena, kwa sababu mlio, alisema, unaweza kunyamaza mara moja kwa bahati. Mara tatu hauna bahati.

Wakati ninazunguka alikuwa anahesabu kwa vidole, na mwanzoni sikuelewa anahesabu nini. Baadaye nikaenda kuhesabu mwenyewe. Baiskeli yangu ni ya umbo lile zito la Kiingereza ambalo Raleigh ya Nottingham ililisambaza duniani, na viwanda vya India na China vikaliendeleza hadi leo. Gia yake ya mbele ina meno 44, ya nyuma meno 18. Maana yake, pedeli zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka karibu mara mbili na nusu. Mnyororo una pingili 108, kwa hiyo pingili moja inarudi mahali pake baada ya pedeli kuzunguka karibu mara mbili na nusu pia. Mlio unaokuja mara moja kwa kila mzunguko wa pedeli hautoki kwenye gurudumu wala kwenye mnyororo. Ukija mara mbili na ushee, tafuta gurudumu. Ukipotea kwa mizunguko miwili ndipo urudi, kagua mnyororo, kuna pingili iliyokufa ganzi. Mzee hakuwahi kunitajia meno wala mgawanyo. Hesabu yote hiyo imo kwenye vidole vyake, naye anaifanya huku akimjibu mtu aliyekuja kujaza upepo.

Mlio wangu ulifuata pedeli, tena upande mmoja. Ndiyo maana mafundi wawili wa kwanza walikwenda moja kwa moja kwenye kotapini na pedeli. Nilitaka mzee awalaumu kidogo. Hakuwalaumu. Aliinama, akaweka mikono ya pedeli sambamba na ardhi, akaibana yote miwili kwa pamoja, akatazama kama mmoja umeshuka kuliko mwenzake. Kotapini ni kabari: ina bapa lililochongwa upande mmoja, nalo hukaa juu ya bapa la ekseli. Mabapa hayo yasipolaliana sawasawa, pini hutafunwa na mkono wa pedeli huanza kucheza. Aliyeipachika yangu alikuwa ameipiga tupa vizuri. "Huyu anajua," mzee akasema, akipitisha kidole gumba kwenye nati. "Ulimwambia pedeli, akatengeneza pedeli."

Mbona basi ulinyamaza niliposimama? Kwa sababu nilipokuwa nimekaa, kila nikisukuma kwa mguu wa kulia, ambao kwangu ndio wenye nguvu, nyonga ilikuwa inakivuta kiti upande. Pedeli zilikuwa zinapanga wakati wa mlio. Mlio wenyewe ulikuwa unatoka nusu mita juu yake.

Nimeufikiria sana udanganyifu huu. Fremu ya baiskeli ni mabomba ya chuma yaliyo wazi ndani na kuunganishwa pembe kwa pembe. Mlio ukizaliwa popote, bomba linaubeba na kuutolea kwingine, na sikio la mwendeshaji liko mbali, juu, tena linapigwa na upepo. Mzee ana dawa ya hilo. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye fremu na mpini wa mbao kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akaniambia nikae kitini huku mtu mwingine ameshika usukani, nikisukuma pedeli breki ikiwa imebanwa. Akaihamisha ncha: kwenye kikombe cha ekseli, kwenye bomba la chini, kwenye pembe ya juu, chini ya kiti. Mwaka 1816, mjini Paris, daktari René Laennec alikunja karatasi ikawa mrija ili asikilize kifua cha mgonjwa, na chombo cha madaktari kikaanzia hapo. Bisibisi ya mzee inafanya kazi ileile kwenye kifua cha chuma.

"Njoo usikie," akaniambia, akanipa mpini. Kwenye ekseli nilisikia kitu cha mbali, kama mtu anaongea chumba cha tatu. Chini ya kiti karibu niitupe.

Hata hapo hakuwa na haraka. Chini ya kiti kuna springi mbili, kuna nati za kubania, kuna ngozi iliyokauka, kuna bomba linaloingia kwenye fremu. Fundi mwenye pupa angemwagia mafuta kila kitu, mlio ungekwisha kwa wiki mbili, na asingejua alichokitibu. Mzee alitia tone moja kwenye springi ya kulia. Akanituma kwenye nguzo. Nyiii. Tone kwenye springi ya kushoto. Nguzo. Nyiii. Akakaza nati za kiti, robo mzunguko tu. Nguzo. Nyiii. Kila safari alibadilisha jambo moja, akasubiri jibu la jambo hilo moja. Ninaona hapo ndipo ufundi wake ulipo hasa, katika kuuzuia mkono usifanye mambo mawili kwa mpigo wakati jua linawaka na wateja watatu wanasubiri.

Mwishowe akalegeza nati inayobana bomba la kiti, akalichomoa. Lilitoka kwa shida, likikoroma. Sehemu iliyokuwa ndani ya fremu ilikuwa imevaa unga wa rangi ya ugoro, kutu na vumbi vilivyosagana pamoja. Akauonyesha juani, akautia kwenye kiganja changu. Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua. Miezi mingine yote vumbi linashuka kwenye kila ufa na hakuna cha kuliosha. Maji kidogo ya masika yanaleta kutu, kiangazi kinaleta vumbi, na uzito wa mwenye baiskeli unavisaga.

Kinachotokea pale ni kitu ambacho Wagogo wamekitumia kwa uzuri tangu zamani. Upinde wa zeze unapopita kwenye uzi hautelezi moja kwa moja. Unaushika uzi, unauvuta, uzi unaponyoka, unashikwa tena, mara nyingi sana kwa sekunde, na mtetemo huo ndio sauti. Mwanamuziki wa Kigogo, marehemu Hukwe Zawose, alilichukua zeze hilo kutoka huku Dodoma hadi kwenye majukwaa ya Ulaya. Bomba langu la kiti na fremu vilikuwa uzi na upinde bila mpigaji: kushika, kuponyoka, kushika, kila mguu wa kulia ukishuka.

Akalifuta bomba kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akazungusha kitambaa kingine ndani ya fremu kwa kijiti, akasubiri vikauke. Akapaka grisi nyembamba, akasema nene inaita vumbi lirudi. Akalirudisha hadi alama ileile, maana alikuwa ameichora kwa chaki kabla hajalichomoa, nikae kama nilivyozoea. Nguzo.

Kimya. Nikarudi ninacheka, nikaanza kutafuta pochi.

"Bado," akasema. "Kuna mwingine nyuma yake."

Sikusikia kitu. Akaniambia nizunguke tena, taratibu, niache kukanyaga, na safari hii niliusikia: tik dogo, kavu, lililokuwa limejificha chini ya ule mkubwa miezi yote. Halikuisha nilipoacha kukanyaga, kwa hiyo halikuwa la pedeli wala la mnyororo. Mzee alishatia alama ya chaki kwenye tairi la nyuma. Tik lilikuja kila alama ilipogusa ardhi, mara moja kwa mzunguko. Akapindua baiskeli, akaanza kuzibana spoku mbili mbili kwa vidole, akilizunguka gurudumu lote pole pole kama mtu anayehesabu tasbihi. Karibu na alama akasimama. Spoku mbili zilikuwa zinakatana na mahali zinapogusana pamelika mkato mdogo unaong'aa. Moja ilikuwa imelegea. Kila uzito ulipoishukia ilijikuna kwa mwenzake. Akaikaza nusu mzunguko, akatazama kama rimu haijayumba, akatia tone kwenye makutano. Hilo sikumwomba. Hakuliongezea bei.

Aliniambia nimpe shilingi elfu mbili. Hakukuwa na kifaa kipya hata kimoja, na nilielewa kwa nini wateja wengine humwona ghali: wanalipia kotapini kwa sababu wanaishika mkononi, na kimya hakishikiki. Nilimpa zaidi. Alirudisha iliyozidi, akamgeukia kijana aliyekuwa na baiskeli isiyo na breki, akamuuliza ilikuwa inakwaruza au ilikuwa inalia kabla hazijakatika.

Nilipoanza kuondoka nikaacha kukanyaga ili niisikilize. Kukatokea tik-tik-tik laini, ya haraka, kutoka gurudumu la nyuma. Nikashuka, nikarudi nikiisukuma baiskeli, nikamwambia kuna wa tatu. Hakuinua hata kichwa. Aliisikia gia ya nyuma nilipokuwa ninaisukuma baiskeli, vile vijino vya ndani vikidondoka kimoja kimoja.

"Huo uache," akasema. "Huo ni wake."