Kuhusu Jina "Sukari ya Mionzi": Uhakiki wa Istilahi Moja ya Tiba

Uhakiki wa istilahi hauna budi kuanzia mahali neno linapotumika. Tumfikirie mzee wa Manga, kwenye miinuko ya Wagusii, anayesafiri kwenda Nairobi kupigwa picha ya saratani. Mpwa wake anamfasiria: "Mzee, utadungwa sukari ya mionzi." Mzee huyu ana kisukari, ugonjwa ambao wengi wetu huuita "sukari" tu. Amesikia nini? Ama kwamba ataongezewa ugonjwa alio nao, ama kwamba ameanza kutibiwa kwa miale. Yote mawili si kweli, na juu ya msingi huo atatia sahihi ya ridhaa.

Kitu chenyewe ni glukosi iliyobadilishwa sehemu yake moja na kutiwa florini-18. Mwanadamu alidungwa kwa mara ya kwanza mwaka 1976, huko Pennsylvania, Marekani. Seli huipokea kama glukosi ya kawaida, lakini haiwezi kuivunja hadi mwisho. Basi hunaswa humo. Miale inayotokana nayo huionyesha kamera mahali glukosi inapotumika kwa wingi.

Kasoro ya kwanza ya jina hili imo katika neno "sukari". Sukari ni chakula. Ikiwa nitadungwa sukari hospitalini, chai tamu ya asubuhi ina madhara gani? Kumbe mgonjwa hutakiwa kufunga kwa saa kadhaa, kwa kuwa glukosi ya chai hushindana na ile ya sindano, na insulini huisukuma kwenye misuli. Picha huharibika. Zaidi ya hayo, kiasi kinachodungwa ni kidogo mno hata hakiwezi kulisha wala kuzidisha kisukari.

Kasoro ya pili ni "ya mionzi". Kwa wasikilizaji wengi mionzi ni ya kuunguza uvimbe, ilhali hii ni ya kuonyesha tu. Tena jina halidokezi kwamba nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110. Ikisafirishwa kwa gari kwa saa tano na nusu, itabaki sehemu moja tu ya nane. Ndiyo sababu mzee huifuata Nairobi, kwenye saiklotroni. Yenyewe haimfuati Manga.

Wapo wanaopendekeza "sukari inayotafuta saratani". Pendekezo hili ni baya zaidi. Ubongo nao hung'aa katika picha, na vidonda vya kifua kikuu vyaweza kung'aa vilevile. Jina hilo hutoa hukumu kabla ya daktari.

Kwa maandishi ya kitaaluma napendekeza "kifuatilizi nururifu cha glukosi". "Kifuatilizi" hutokana na kufuatilia, kama mwangalizi atokanavyo na kuangalia, nacho hutaja kazi kabla ya hatari. Lakini wodini istilahi hiyo haitoshi. Mzee aambiwe: "Tutakudunga dawa kidogo inayofanana na sukari, ituonyeshe mahali mwili unapotumia sukari nyingi. Ina mionzi inayokwisha upesi. Haitibu, wala haizidishi kisukari chako. Usile kabla."

Wanaisimu wenzangu watasema kwamba haya ni maelezo, si istilahi. Ni kweli. Lakini istilahi hutuhudumia sisi tunaojua tayari. Anayetakiwa kuridhia anastahili maelezo.