Hadhira ya Francisque Sarcey na Hadhira ya Dzaleka: Hoja Kuhusu Uhakiki wa Maigizo

Makala haya yanadai kwamba kanuni kuu ya Francisque Sarcey (1827–1899) inaifaa Dzaleka, ila baada ya kusahihishwa. Sarcey, aliyeacha ualimu akawa mwandishi, alihakiki maigizo katika gazeti la Le Temps la Paris wiki baada ya wiki tangu 1867 hadi alipofariki. Katika insha yake ya 1876 alishikilia kwamba mandhari na mavazi vinaweza kukosekana na mchezo ukabaki mchezo. Hadhira ikikosekana, hakuna mchezo. Kwa hiyo alisikiliza watazamaji wanacheka wapi na wananyamaza wapi, kisha akaitafuta sababu.

Nguvu hiyo ndiyo iliyokuwa pia udhaifu wake. Hadhira aliyoijua ilikuwa ya tabaka la kati la Paris, yenye lugha moja, naye akaichukulia kuwa kipimo cha hadhira zote. Tamthilia za Ibsen zilipofika Paris, hakuzipokea.

Dzaleka inalifichua kosa hilo. Kambi hii ya Wilaya ya Dowa, iliyofunguliwa 1994 mahali palipokuwa gereza, inakaliwa na Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, miongoni mwa wengine. Tangu 2014 Tamasha la Tumaini, lililoasisiwa na mshairi Trésor Nzengu Mpauni, huwaleta pia Wamalawi, wakiwemo wanaopitia Lumbadzi kutoka Lilongwe. Mzaha wa Kiswahili cha Bukavu unaweza kumchekesha mmoja na kumpita jirani yake asemaye Chichewa. Kicheko cha nusu ya uwanja hakithibitishi kwamba mchezo umeshindwa. Ni jambo ambalo mhakiki anapaswa kulieleza.

Katika maigizo ya jamii aliyoyashughulikia Penina Mlama nchini Tanzania, mjadala wa watazamaji ni sehemu ya kazi yenyewe. Hata hivyo, mjadala wa mdomo husahaulika. Maandishi ya mfululizo huipa sanaa kumbukumbu.

Tamasha likipimwa kwa idadi ya wahudhuriaji peke yake, msanii mkimbizi atasifiwa kwa ustahimilivu wake, wala kazi yake haitasomwa. Tunapendekeza wafadhili watenge fungu la uhakiki ulioandikwa kwa Kiswahili na Chichewa, na wahakiki watoke kambini na mjini pia. Msanii huyo anastahili kuambiwa, kwa hoja, kwamba onyesho lake la pili ni dhaifu. Heshima hiyo Sarcey aliwapa waigizaji wa Paris kila wiki.