Solfa za Kasulu na mistari mitano ya kompyuta

Chukua karatasi ya wimbo ya kwaya ya kanisani, iwe Kasulu au Kibondo. Mara nyingi hutakuta ile mistari mitano ya nota. Utakuta herufi: d, r, m, f, s, l, t, na nukta pacha za kugawa mapigo. Juu kushoto pameandikwa "Doh ni G", basi. Mfumo huu ulienezwa Uingereza na John Curwen karne ya 19, wamisionari wakauleta huku, na leo ni wetu kabisa.

Sasa fungua somo la kwanza la usimbaji wa muziki, yaani kuandika muziki kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuusoma. Kwa kawaida linaanza na mistari mitano, ufunguo wa G, na kipande cha Bach au Beethoven. Mwanafunzi wa Kasulu anayejua solfa kama anavyojua jina lake anajikuta mjinga kabla hata hajaandika kitu. Hapo ndipo ninapokosoa.

Tuelewane kwanza. Kusimba si kurekodi, wala si kupiga picha karatasi. MIDI, ya mwaka 1983, inaandika matendo: noti gani imebonyezwa, lini, kwa nguvu kiasi gani. Kila noti ina namba, kuanzia 0 hadi 127; C ya kati ni 60. MusicXML, iliyotoka 2004, inahamisha nota kutoka programu moja kwenda nyingine. MEI, iliyoanzishwa na Perry Roland wa Chuo Kikuu cha Virginia, inawalenga watafiti: inabeba nota pamoja na maelezo ya chanzo, ya aliyeandika, na ya mahali nakala mbili zinapotofautiana.

Uzuri wake usiupuuze. MusicXML na MEI ni maandishi matupu. Wimbo mmoja wa kwaya unaweza kuchukua kilobaiti chache au mamia, wakati rekodi ya ubora wa CD inakula takriban megabaiti 10 kwa dakika moja tu. Kompyuta ya zamani isiyo na intaneti inatosha. Kwa shule ya Kibondo hilo si jambo dogo.

Lakini angalia kinachotokea kwenye "Doh ni G". Katika solfa, d ni mahali, si sauti maalumu. Leo mwalimu wa kwaya akiona sauti ya kwanza wamechoka, anashusha d hadi E, na wimbo ni uleule. MusicXML inakudai useme: hii ni G, oktava ya 4. Ukishasema hivyo, uhuru wa mwalimu umefutwa kwenye faili. MEI inaruhusu kubandika silabi ya solfa kwenye noti, lakini kama lebo ya pembeni tu. Na ajabu ni hii: MEI hiyohiyo ina sehemu nzima kwa ajili ya alama za watawa wa Ulaya ya zama za kati! Simlaumu aliyeitengeneza, kila mtu huanza na kilicho mezani kwake. Sisi hatujaweka chetu mezani.

Kwenye inanga mambo ni magumu zaidi. Nyuzi za zeze hili la Waha na majirani zao wa Burundi mpigaji anazifunga kwa sikio lake, si kwa piano. Tuseme uzi mmoja uko senti 640 juu ya uzi wa chini (oktava nzima ni senti 1200). Namba za MIDI zinaenda kwa hatua za senti 100, hivyo uzi wako utasukumwa hadi 600. Ipo amri ya kupinda sauti yenye ngazi 16,384, ila anayeanza haonyeshwi. Kiha nacho ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti kunagusa maana ya neno. Ukisawazisha melodi ovyo, huenda umegusa na maneno.

Utasema, si tunahifadhi utamaduni? Ndiyo, ila faili huwa na tabia ya kugeuka kuwa wimbo wenyewe. Mzee akishaondoka, mjukuu atacheza faili na kuamini babu alipiga hivyo. Huyo mjukuu atamuuliza nani?

Ushauri wangu kwa anayefundisha, na kwako unayejifunza peke yako: anza na karatasi ya solfa. Kabla ya programu yoyote, andika kwa mkono mambo matatu: karatasi inasema nini, mwimbaji anafanya nini, na wewe umeamua nini. Kisha simba mistari minne ya wimbo. Uamuzi wako uweke kwenye kichwa cha faili la MEI, maana nafasi ya kazi hiyo ipo. Kwa inanga, rekodi kwanza kwa ridhaa ya mpigaji, pima nyuzi, halafu unganisha noti na sekunde za rekodi. MEI inaruhusu hilo pia.

Bach atakuja baadaye, na mwanafunzi atamwelewa vizuri zaidi, kwa sababu tayari atajua kwamba kila faili la muziki lina mtu aliyeamua nini kiingie na nini kibaki nje.