Fundi saa, maiti asiyekuwepo na waridi la Emily

Anayefungua S-Town akitafuta muuaji anakuta saa mbovu. Brian Reed anaanza podikasti yake na jinsi fundi anavyoisoma saa kuukuu: tundu lililozibwa, mkwaruzo, kovu la kipande kilichong'olewa. Kwa alama hizo anakisia waliomtangulia walifanya nini.

Fundi mwenyewe ni John B. McLemore wa Woodstock, Alabama. Alikiandikia kipindi cha redio alichofanyia kazi Reed kwamba kijana wa familia yenye fedha ameua na kesi imezimwa. Reed akafuatilia, maiti hayupo. Juni 2015 John akajiua, na chambo kikawa kimekwisha kazi.

Kati ya hadithi ambazo John alimpa Reed asome, moja ni "A Rose for Emily" ya William Faulkner, ya mwaka 1930. Reed aliifanya msingi wa kazi nzima, hata wimbo wa The Zombies wenye jina hilohilo ndio unaofunga kila sura. Ila mpangilio aliupindua. Faulkner anatanguliza mazishi na kuficha uhalifu hadi mwisho. Reed anatanguliza uhalifu, unayeyuka sura ya pili, na sura ya saba inaishia kwa mama yake John, akiwa na mimba yake, akimwomba Mungu mtoto mwenye akili nyingi. Sura zote zilitoka siku moja, Machi 2017, kama kitabu.

Upweke wa John haujaelezwa kwa maneno. Umejengwa kwa muda. John anaachwa aseme kwenye simu: tabianchi, madeni, watu wa mji wake. Reed anaitikia tu. Unaanza kuchoka, unatamani amkatize, na hapo ndipo unapomsikia mtu aliyekosa wa kuongea naye. Baadaye tunakutana na marafiki zake wa saa, na baadhi yao hawakupewa hata taarifa ya msiba. Kwangu, hapo Reed amemzidi Faulkner, ambaye Emily wake tunamwona kwa macho ya mji unaochungulia.

Sura ya sita inanikera. Reed anatoa jambo aliloambiwa na John kinasa sauti kikiwa kimezimwa, akijitetea kwamba mwenyewe amekwisha kufa. Hata kwa Faulkner mlango nyumbani kwa Emily unavunjwa baada ya maziko yake, lakini yeye ni wa kubuni. Msimamizi wa mirathi ya John alikwenda mahakamani 2018 dhidi ya waandaaji wa podikasti. Shauri likamalizwa kwa maelewano 2020.