"Missing" Si Kupotea

Fomu za Kiingereza zina neno "missing". Likifika kwetu kwa Kiswahili, kwenye mabango au mdomoni mwa mkalimani, linakuwa "mtu aliyepotea". Wengi tumeshalizoea. Mimi naona ni tafsiri mbovu, na ubovu wake unawaumiza walewale ambao fomu ilitungwa kuwasaidia.

Kwa Kiswahili anayepotea ni yule aliyeiacha njia. Mtoto anapotea sokoni, mgeni anapotea mjini. Usipoonekana bombani wiki mbili, jirani atakupokea na "Umepotea sana wewe!", mtacheka. Halafu kuna kupotea kwa tabia: kijana aliyepotea ni mlevi au mwizi, na kila aliyewahi kukaa kanisani anamjua mwana mpotevu. Sasa mwambie mama kwamba mwanawe "amepotea". Umeshamtupia mtoto lawama: hakujua njia, au hakuangalia, au malezi yalikuwa na shida.

Ukweli ni upi? Mwaka 1996 watu waliotoka Uvira na Fizi wakivuka Ziwa Tanganyika walipanda mtumbwi wenye nafasi, si waliouchagua. Mei 2015, Liemba ilipokuwa ikisomba Warundi kutoka Kagunga kwenda Kigoma, maelfu walikuwa ufukweni wakingoja zamu. Pale nani alipotea njia? Njia ilikuwa moja, familia ndiyo iliyokatika.

Kiingereza chenyewe hakisemi hivyo. "Miss" ya zamani ni kurusha ukakosa shabaha. Baadaye ikachukua kukosa basi, kukosa mkutano, na hata kuona pengo la mtu ukaumia. Ona linapoanzia: kwa aliyebaki. Mtu anahesabu watu wake, walikuwa watano, anafika wanne. Huyo wa tano huenda anajua vizuri sana alipo. Tusiojua ni sisi.

(Vijana wao wamekwapua nusu ya neno hilo: "nimekumisi". Wazee wa lugha wananuna. Mimi siwakatazi, maana walitaka kitenzi kifupi cha hamu wakajipatia. Ila wao wamechukua hamu wakaacha hesabu, na fomu imechukua hesabu ikaacha hamu.)

Kuna wanaokimbilia "hayupo". Afadhali kidogo, lakini hapana. Kiswahili kinagawa kutokuwepo vizuri kuliko Kiingereza: hayupo hapa tulipo, hayuko huko, hayumo ndani, tuseme ndani ya orodha. Aliyefariki tunasema hatunaye. Wenzetu wa Kivu watakwambia "haiko", iwe mtu, iwe chumvi, na unaelewa tu. Shida ni kwamba "hayupo" ni jibu la mlangoni. Mama akisema mume wake hayupo, karani anaandika "absent", kana kwamba baba kaenda shamba atarudi jioni. Asiyefika siku ya mgao na asiyesikika miaka kumi wanaingia kisanduku kimoja.

"Amekosekana" nalo ni la vitu: cheti kinakosekana, ukurasa unakosekana. Na "amekosa" ndiyo usiguse kabisa, maana hapo umemfanya mkosaji.

Kiswahili kina jibu, tena tunalisikia redioni: hajulikani alipo. Tazama hiyo "-po". Ni ya mahali panapojulikana, kinyume kabisa na hali yetu, na ndiyo uzuri wake. Inakubali kwamba yupo mahali fulani hasa, hai au kaburini, na kwamba kutojua ni kwetu. Haimlaumu aliyeondoka, haimziki pia. Ukiuliza, "Kuna mtu wenu ambaye hamjui alipo?", mama anaweza kujibu bila kumshtaki mwanawe na bila kumwombea msiba.

Hata sheria iko upande huu. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, ile ya nyongeza kwenye Mikataba ya Geneva, inataja katika kifungu cha 32 haki ya familia kujua yaliyowapata jamaa zao. Haki ni ya kujua. Sasa tafsiri inayosema "hajulikani" inashika neno lenyewe la haki hiyo, wakati "aliyepotea" inaturudisha kwenye njia na kosa la kuiacha.

Ndugu wa mashirika watasema ni refu, kisanduku kwenye fomu ni kidogo. Basi pana kisanduku. Na msidhani mkishaweka Kiswahili mmemaliza na Warundi. Kwao kuna kubura, na kitenzi hicho kimoja kinabeba kukosa kitu na kupotelewa na mtu. Uzito wake waulizwe wazee wa Kirundi wenyewe, tena kabla fomu haijachapwa.