Pikipiki Isiyoguswa Ikae Mbele

Kila mwaka, mwezi wa Aprili na tena Oktoba, viwanja vya maonyesho vya kaunti ya Staffordshire, mjini Stafford nchini Uingereza, hujaa pikipiki za kale. Wapo wauzaji wa vipuri, upo mnada, lakini moyo wa shughuli ni mabanda ya klabu. Kila klabu hupewa eneo lake, ikachagua mashine za wanachama wake, ikazipanga na kuzieleza, kisha hushindania tuzo ya banda bora. Mabanda mengi hujengwa kwa kanuni moja: mashine inayong'aa kuliko zote huwekwa mbele, na ile iliyofifia rangi, yenye tangi lililobonyea, husukumwa nyuma au huachwa nyumbani. Naona kanuni hiyo imegeuzwa kichwa chini. Inayostahili nafasi ya mbele ni mashine ambayo haijawahi kufanyiwa ukarabati mkubwa, na sababu zangu ni za kiufundi kabla hazijawa za mapenzi.

Tuanze na kile ambacho klabu inacho na tajiri mwenye pikipiki hamsini hana. Tajiri anaweza kununua mng'ao kwa sababu mafundi wa kupaka kromu na rangi wapo, nao wana bei zao. Klabu inayo kumbukumbu. Vintage Motor Cycle Club, iliyoasisiwa mwaka 1946, ilikusanya madaftari ya viwanda vilivyokwisha kufungwa, yanayoonyesha injini namba fulani ilifungwa kwenye fremu ipi na ikapelekwa kwa muuzaji gani. Klabu ya wenye pikipiki za Vincent nayo ina watu wanaojua kusoma namba za mashine hizo kama hati ya nyumba. Vincent Black Shadow ya mwaka 1948, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 998, ilikuwa kwa hakika Rapide, modeli ya kawaida ya kiwanda hicho, iliyonolewa: mikono ya pistoni ilisuguliwa ikawa laini, mgandamizo ukaongezwa, injini ikapakwa rangi nyeusi iliyookwa, na juu ya usukani ikawekwa spidomita kubwa inayofika maili 150 kwa saa. Rangi nyeusi na spidomita vinanunulika, kwa hiyo Rapide ya kawaida yaweza kuvikwa sura ya Shadow na mtazamaji asitambue. Lakini injini ya Shadow huanza na F10AB/1B, ya Rapide na F10AB/1. Zaidi ya hapo, katika Vincent za silinda mbili zilizotoka baada ya vita, namba ya fremu kwa kawaida huizidi ya injini kwa 1900, na nusu mbili za kasha la injini hubeba alama zinazolingana chini yake. Banda likiweka kioo chini ya injini, likaandika hesabu hiyo kwenye kadi, mgeni atainama, ataisoma, na ataondoka akijua jambo ambalo mng'ao usingemwambia kamwe.

Namba ni mwanzo tu. Ushahidi mwingi uko kwenye ngozi ya mashine, na ngozi ndiyo ukarabati unayoiondoa kwanza. Chukua suala la kromu. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1920, sehemu zinazong'aa za pikipiki zilipakwa nikeli, ambayo ina joto fulani, rangi inayoelekea umanjano. Kromu ina ubaridi wa samawati. Pikipiki ya mwaka 1924 iliyopakwa kromu kuanzia usukani hadi bomba la moshi inapendeza, ila inasema uongo kuhusu zama zake, na kijana anayeitazama anajifunza uongo huo. Ndivyo ilivyo kwa bolti. Viwanda vya Uingereza vilitumia hesi nyembamba za baiskeli, hesi 26 kwa inchi, na vichwa vya bolti vilipakwa kadimiamu yenye rangi ya kijivu iliyopoa. Mkarabati wa leo huzing'oa na kuweka za chuma kisichoshika kutu, zilizosuguliwa hadi zikawa vioo. Kila bolti iliyotupwa ni jibu lililotupwa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikituambia nini kilifungwa wapi na fundi wa kiwandani.

Pingamizi la kwanza, na lenye watetezi wengi, ni kwamba watu wamelipa kiingilio ili waone uzuri, na uzuri ni mng'ao. Sina haja ya kubishana na jicho la mtu. Nasema tu kwamba hata mng'ao wenyewe unaitegemea mashine isiyoguswa. Triumph Speed Twin iliyobuniwa na Edward Turner, iliyotoka mwaka 1937, ilipakwa rangi nyekundu iliyoiva inayokaribia damu ya mzee. Kiwanda cha Coventry kilichoipaka kiliteketezwa kwa mabomu mwezi wa Novemba 1940. Mtu anayekarabati Speed Twin yake leo ataipata wapi rangi sahihi? Picha za zamani ni nyeusi na nyeupe. Jibu la kuaminika liko chini ya tandiko au nyuma ya kibandiko cha tangi la mashine ambayo haikupakwa upya, mahali jua halikufika. Mistari ya dhahabu iliyochorwa kwa mkono nayo hupimwa hapo hapo: upana wake, umbali wake kutoka ukingoni, namna fundi alivyoinua brashi mwishoni. Klabu ikiziweka mashine mbili bega kwa bega, iliyochakaa na iliyofufuliwa kwa kuifuata, mpenda mng'ao atapata haki yake na atajua ilikotoka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wanasema uchafu si historia. Mashine iliyoachwa ikaoza kwenye banda la kuku haina heshima yoyote, na isitoshe wapo wajanja wanaotengeneza kutu kwa chumvi na siki ili waiuze kama uzee. Hili ni kweli, na ndiyo sababu kuhifadhi si uzembe. Ni kazi ngumu kuliko kupaka rangi. Kutu inayoendelea husimamishwa kwa mafuta, nyaya za umeme zilizooza hubadilishwa, mipira na breki hukaguliwa, injini hufunguliwa ikasafishwa ndani ili izunguke, na yote hayo hufanywa bila kufuta alama za matumizi. Mkataba wa Turin, uliopitishwa mwaka 2012 na shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, unatanguliza kuhifadhi mbele ya kukarabati. Kuhusu kutu ya kughushi, dawa yake ni ile ile ya namba na madaftari: kusoma ushahidi. Alama halisi za uzee zina mantiki: mpini uliosuguka upande wa kiganja, rangi iliyotoka kwenye tangi pale magoti yanapobana. Kutu iliyomwagwa haina mpanda pikipiki ndani yake.

Lakini zipo mashine ambazo hazina ngozi ya kuhifadhi. Mwezi wa Septemba 2003, moto uliunguza jumba la National Motorcycle Museum karibu na Birmingham na mamia ya pikipiki za Uingereza yakaungua, nyingine zikabaki vyuma vilivyopinda. Jumba lilifunguliwa tena mwezi wa Desemba 2004, na mashine nyingi zimefufuliwa kwa ustadi wa hali ya juu. Nani angesema ziachwe majivu? Katika hali hiyo ukarabati ni uokozi, na banda linaweza kuionyesha mashine ya namna hiyo kwa fahari, mradi kadi iseme wazi: fremu ni ya awali, tangi limetengenezwa upya, rangi ni ya mwaka fulani. Kinachoniudhi ni mashine nzima kuvuliwa ngozi yake njema ili ifanane na iliyoungua na kufufuliwa.

Soko limeanza kuelewa. Aprili 2016, wanadi wa Bonhams waliuza hapo hapo Stafford pikipiki nane za Brough Superior zilizokuwa zimelala kwa miongo kadhaa katika mabanda huko Cornwall, zikiwa na vumbi lake, nyingine zikiwa vipande. Mojawapo, BS4 yenye injini ya gari la Austin na magurudumu mawili ya nyuma yaliyokaribiana, ilifika pauni 331,900. Bei si kipimo cha thamani ya kihistoria, na sipendi hoja inayoanza na kuishia mnadani. Hata hivyo, inaonyesha kwamba dai la kuwa hakuna anayetaka mashine chafu halisimami tena.

Suala hili linatugusa Afrika Mashariki pia. Nairobi ina shindano lake, Africa Concours d'Elegance, ambako pikipiki hukaguliwa na waamuzi sambamba na magari, na usafi huhesabika sana. BSA au Triumph iliyoishi huku ina historia ambayo hata madaftari ya Uingereza hayana: kiungo kilichochomelewa na fundi wa mtaani kwa sababu kipuri kingechukua miezi kufika, kibebeo cha mizigo kilichofuliwa kwa nondo, kibandiko cha muuzaji wa Mombasa. Mkarabati akifuata kitabu cha kiwanda atavikata vyote, apate alama zake, na mashine itakuwa sawa na nyingine yoyote iliyoko Birmingham. Klabu zetu zinaweza kuandika kanuni tofauti tangu sasa: ziwe na daraja la mashine zilizohifadhiwa, zidai picha na hati za matengenezo kutoka kwa kila mshiriki, na zimpe mwamuzi ruhusa ya kuongeza alama kwa weldi ya zamani iliyoelezwa vizuri.