Angalia Ukubwa, Usiangalie Jina

Fundi wangu wa Murera ana kibanda cha mabati, paneli ya sola juu na laptopu kuukuu mezani. Jumamosi nilimkuta anaweka NST kwenye diski yake, nikavuta kiti.

NST ni Linux iliyojengwa juu ya Fedora. Paul Blankenbaker na Ronald Henderson waliianzisha mwaka 2003. Ndani zimo Wireshark, Nmap, Snort na zana nyingine tele za kuchunguza mtandao. Ukiiwasha kutoka kwenye flashi inafanya kazi vizuri tu, ila ukizima inasahau. Yeye anatunza intaneti ya ploti moja ya wapangaji, kwa ruhusa yao, na anataka rekodi za jana alinganishe na za leo.

Hakuanza na kuweka chochote. Alianza kwa kuhakiki faili alilopakua usiku, bando zikiwa bei rahisi. Alama ya sha256 ina herufi na tarakimu 64. Alizisoma nnenne kwa sauti ya chini, kidole kwenye skrini, kama mtu anayehesabu pesa za chama.

Kisha akaandika lsblk, amri ya kuorodhesha diski. Hapa ndipo wengi huungua: flashi na diski zinaonekana sda na sdb, na majina hayo yanaweza kubadilishana ukiwasha upya. "Mzee, angalia ukubwa, usiangalie jina," akaniambia. Diski ya GB 500 ilisomeka 465.8G, maana muuzaji huhesabu kwa elfu na kompyuta kwa 1,024. Alipoiona namba hiyo ndipo akatulia.

Kisakinishi cha Fedora kinaitwa Anaconda, na licha ya jina hilo la nyoka kina adabu: hakigusi diski mpaka ubonyeze kitufe cha kuanza. Fundi aliitumia vizuri nafasi hiyo. Akarudi nyuma mara mbili, akapitia sehemu za diski moja moja, akaweka alama kwenye kisanduku cha kufunga data kwa nywila. Kwenye rekodi za mtandao mnaonekana mambo ya wapangaji, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Hata isingekuwepo, nadhani angefunga.

Katikati ya kazi stima ikapotea mtaa mzima. Hakuinua hata macho. Laptopu ilikuwa kwenye betri ya sola tangu asubuhi.

Kisakinishi kilipomaliza akachomoa flashi, akawasha, akaingia kwa nywila ya diski. Amri yake ya kwanza ilikuwa nstpasswd, kwa sababu NST huja na neno la siri ambalo dunia nzima inalijua, nst2003. Halafu akaunda faili dogo, akaliita jana, akazima mashine. Akanywa chai yake iliyokwisha kupoa, akawasha tena.

Jana ilikuwepo.